Vifaa vya Project RED vya kuruhusu wagonjwa: muuguzi ameelekezwa vizuri, daktari ameachwa pembeni

Vifaa vya Project RED (Re-Engineered Discharge, yaani ruhusa iliyopangwa upya) vinapatikana bure mtandaoni. Vimetoka Boston Medical Center, Marekani, kwa kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Brian Jack. Mwaka 2013 AHRQ, wakala wa serikali ya huko unaoshughulikia utafiti wa ubora wa huduma za afya, ukavitoa kwa hospitali yoyote inayotaka kuvitumia. Lengo lake ni kwamba mgonjwa anapotoka wodini awe na mpango ulioandikwa na anaouelewa, na awepo mtu wa kumfuatilia. Ukivipakua unapata maelekezo ya kuanzisha mpango hospitalini, kielelezo cha kijitabu cha mgonjwa, maelekezo ya muuguzi anayesimamia ruhusa, maswali ya kuuliza kwa simu mgonjwa akishafika nyumbani, sura kuhusu wagonjwa wa lugha na mila tofauti, na namna ya kupima kama kazi inaleta matokeo.

Tuseme mapema tunavyoviona. Kijitabu ni bora kuliko fomu za ruhusa za wodi nyingi, na hatua 12 za mpango mzima zimepangwa na watu wanaoijua wodi. Kasoro ya vifaa hivi ni kwamba ukivisoma haraka unaweza kudhani ruhusa ni kazi ya muuguzi, na daktari kazi yake ni kutia sahihi. Kati ya hatua hizo 12, nne zinamhitaji daktari mwenyewe: uamuzi wa dawa, majibu ya vipimo yanayosubiriwa, kulinganisha matibabu na miongozo, na barua kwa daktari anayempokea mgonjwa. Daktari asipozifanya, unapata kijitabu kizuri chenye makosa yaleyale ya fomu ya zamani.

Kilichomo, na ushahidi wake

Hatua za awali zilikuwa 11, ya lugha ikaongezwa baadaye. Kuna kutafuta mkalimani kwa anayemhitaji, kupanga miadi ya marudio kabla mgonjwa hajaondoka, kupanga nani atafuatilia majibu ambayo bado hayajatoka, kuandaa huduma na vifaa vya nyumbani, kuhakiki dawa na mahali zitakapopatikana, kulinganisha mpango na miongozo ya tiba, kumfundisha mgonjwa mpango ulioandikwa, kumweleza ugonjwa na dawa zake, kumwonyesha la kufanya akipata shida, kupima ameelewa kiasi gani, kupeleka muhtasari haraka kwa wanaompokea, na kumpigia simu baadaye.

Jaribio lenyewe lilichapishwa Februari 2009 katika jarida la Annals of Internal Medicine. Wagonjwa wazima 749 waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika siku 30 baada ya ruhusa, waliopata RED walirudi hospitali, kwa kulazwa au kwa kupitia idara ya dharura, kwa kiwango cha mara 0.314 kwa mtu kwa mwezi. Wenzao walioruhusiwa kwa utaratibu wa kawaida walirudi mara 0.451. Hilo ni punguzo la karibu asilimia 30, na faida ilionekana zaidi kwa wale waliokuwa wametumia hospitali katika miezi sita iliyotangulia. Waliofika kwa daktari wao wa kawaida ndani ya siku hizo walikuwa asilimia 62, dhidi ya asilimia 44 upande wa pili.

Ni matokeo mazuri, lakini yasomwe kwa jicho la pili. Jaribio lilifanyika hospitali moja, kwa watu wanaoelewa Kiingereza na wenye simu, wanaorudi kuishi majumbani. Wazee wanaorudi kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa hawakuwamo, na hao ndio wenye orodha ndefu za dawa. Mapitio ya tafiti 43 yaliyotoka mwaka 2011 katika jarida hilohilo hayakupata hatua yoyote ambayo ikifanywa peke yake inapunguza kurudi hospitali kwa uhakika. Kwa hiyo hospitali inayochukua simu ya ufuatiliaji na kuacha mengine isitegemee asilimia 30.

Ukurasa wa dawa

Huu ndio ukurasa bora wa kijitabu, na ndio unaomtegemea daktari zaidi. Umepangwa kwa saa za siku: asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Kila dawa ina mstari wake: ninainywa kwa ajili ya nini, jina na nguvu yake, ngapi kwa mara moja, na kwa njia gani. Chukua furosemide. Mstari unasomeka: asubuhi, kutoa maji yanayojaa miguuni na kifuani, furosemide mg 40, kidonge 1, kwa mdomo. Mtu aliyesoma darasa chache anaufuata, na asiyesoma anaweza kusomewa na mtoto.

Lakini ratiba inaonyesha dawa za kunywa. Dawa iliyositishwa haina saa ya kunywewa, kwa hiyo ni rahisi ikakosa pa kuandikwa. Nyumbani boksi lake bado lipo kabatini. Mgonjwa aliyesimamishiwa amlodipine kwa sababu presha ilishuka anarudi, anameza vidonge vipya vya wodini na vya zamani juu yake, na siku ya tatu anaanguka bafuni. Hapo huwezi kumlaumu muuguzi wa ruhusa. Alinakili orodha aliyopewa, na orodha ilikuwa na dawa mpya tu.

Kazi ya daktari hapa ni kuweka orodha tatu mbele yake kwa pamoja: dawa alizokuwa akinywa kabla ya kulazwa, alizopewa wodini, na atakazokwenda nazo. Orodha ya kwanza isichukuliwe kwenye faili la zamani peke yake. Aulizwe mgonjwa, aulizwe anayempa dawa nyumbani, na mfuko wa dawa uletwe wodini umwagwe kitandani. Mle ndimo inapoonekana dawa moja yenye majina mawili, Lasix na furosemide, kila moja kutoka duka lake. Kisha kila dawa iwekewe neno moja kati ya manne: inaendelea, mpya, imebadilishwa, imesitishwa. Zile tatu za mwisho ziandikiwe sababu.

Sababu ndiyo sehemu inayorukwa kila siku, na ndiyo inayomsaidia daktari wa pili kuamua. Chukua metformin, dawa ya kisukari. "Metformin imesitishwa" haimwambii kitu. "Metformin imesitishwa kwa muda, kreatinini ilipanda kwa upungufu wa maji, pima tena baada ya wiki 1 na urudishe ikiwa figo zimerejea" inamtosha (kreatinini ni kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo). Bila mstari huo mambo mawili hutokea. Dawa inarudishwa siku ileile na mtu asiyejua ilitolewa kwa nini, au hairudishwi kamwe na sukari inapanda miezi mitatu. La hatari zaidi ni dawa ya kuzuia damu kuganda iliyosimamishwa kwa ajili ya upasuaji au kuchukua kinyama cha kupima, ikasahauliwa. Huyo anarudi na kiharusi.

Upande wa pili ni dawa zilizoanzishwa kwa ajili ya siku chache za wodini zikaenda nyumbani kama za maisha. Omeprazole ya kulinda tumbo la mgonjwa aliyekuwa chumba cha uangalizi maalumu. Dawa ya usingizi aliyoanzishiwa kwa sababu ya kelele za usiku. Haloperidol ya mzee aliyechanganyikiwa kwa homa na sasa ametulia. Kila dawa mpya inayotoka na mgonjwa iwe na tarehe ya kumalizika, au neno "ya kudumu", au "itapitiwa tarehe fulani na fulani". Prednisolone iliyotumika zaidi ya wiki tatu iandikiwe ngazi za kupunguzia, maana kuikata ghafla ni hatari. Sindano za kuzuia damu kuganda baada ya kubadilishwa nyonga huenda hadi siku 28 au 35 tangu upasuaji, kwa hiyo kama mgonjwa ametoka siku ya 5 hesabu sindano zilizobaki, andika nani atamchoma, na hakikisha anaondoka nazo mkononi.

Kuna jambo dogo tusiloliona likitiliwa mkazo wa kutosha, nalo ni saa ya dozi ya mwisho. Mgonjwa aliyechomwa insulini ya jioni wodini kabla ya kuondoka, akafika nyumbani akasoma kijitabu "jioni: uniti 14", atajichoma tena. Mstari mmoja juu ya ukurasa unatosha: dawa zipi za leo zimeshatolewa, na inayofuata ni ya saa ngapi.

Anayetoka na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anahitaji zaidi ya mstari wa ratiba. Andika anaitumia kwa sababu gani, INR (kipimo cha jinsi damu inavyoganda) inayolengwa, INR ya mwisho na tarehe yake, dozi za siku tatu zilizopita, tarehe ya kupima tena, na jina la atakayebadilisha dozi. Hilo la mwisho hukosekana mara nyingi. Damu inapimwa, jibu linatoka, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshampigia mgonjwa. Kama alipewa antibayotiki wodini, andika pia inaisha lini, kwa kuwa nyingi hupandisha INR na zikiisha nayo hushuka.

Majibu ambayo hayajatoka

RED inataka kijitabu kiorodheshe vipimo vinavyosubiriwa. Sawa. Utafiti wa mwaka 2005 katika hospitali mbili za Marekani uliwafuatilia wagonjwa 2,644. Asilimia 41 waliruhusiwa huku majibu fulani bado hayajatoka. Karibu moja kati ya kila majibu kumi yalikuwa ya aina inayoweza kubadilisha matibabu. Na madaktari walipoulizwa kuhusu majibu ya namna hiyo, mengi hawakuwa na habari nayo.

Mtego umefichwa kwenye mfumo wa wodi wenyewe. Kipimo kinaagizwa kwa jina la daktari aliye zamu au aliye mafunzoni. Wiki mbili baadaye amehamia idara nyingine, jibu la kinyama linarudi kwa jina lake, linakaa kwenye trei. Mgonjwa ameambiwa "majibu yakiwa mabaya tutakupigia", naye anachukulia kimya kama habari njema. Sentensi hiyo ifutwe wodini kabisa. Badala yake aambiwe: majibu yatatoka kufikia tarehe hii, utapigiwa yawe mazuri au mabaya, na tarehe hiyo ikipita bila simu, wewe piga namba hii.

Kwenye barua kila kipimo kinachosubiriwa kiwe na mambo manne: ni kipimo gani, sampuli ilichukuliwa lini, jibu linatarajiwa lini, na daktari gani kwa jina na cheo atalisoma na kuchukua hatua. Muda unatofautiana sana. Damu ya kuotesha vimelea kwa kawaida huangaliwa hadi siku 5. Makohozi ya kuotesha vimelea vya kifua kikuu yanaweza kwenda wiki 6 hadi 8, na wakati huo hakuna wodini anayemkumbuka mgonjwa. Kanuni tunayoiunga mkono ni hii: aliyeagiza kipimo, au daktari bingwa wa timu yake, ndiye mwenye jibu mpaka daktari mwingine aseme kwa kauli yake kwamba amelipokea. Kuandika tu "daktari wa kliniki afuatilie" bila kumjulisha ni kumtupia mzigo mtu asiyejua kwamba anao.

Katika kundi hilohilo weka vilivyoonekana kwa bahati. Mgonjwa amepigwa picha ya kifua kwa ajili ya nimonia, na mtaalamu wa picha ameandika mwishoni kwamba kuna kivimbe kidogo pafuni, picha irudiwe. Nimonia inapona, mgonjwa anaruhusiwa, mstari ule unabaki ukurasa wa pili wa ripoti. Kabla ya kutia sahihi, ripoti zote za picha zisomwe hadi mwisho. Zikisomwa harakaharaka, mstari huo ndio wa kwanza kurukwa.

Miadi, na barua inayokwenda nayo

Hapa RED imefanya vizuri bila shaka. Miadi inapangwa mgonjwa angali kitandani, anaulizwa siku gani anaweza, nani atamleta, na nauli au usafiri upo. Tarehe zinaingizwa kwenye kalenda ya kijitabu, na kuna ukurasa wa kuandikia maswali ya kumuuliza daktari. Umuhimu wake unaonekana kwenye uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee: asilimia 19.6 walilazwa tena ndani ya siku 30, na kati ya wale waliokuwa wamelazwa kwa magonjwa yasiyo ya upasuaji wakarudi, nusu hawakuwa na dalili yoyote kwenye malipo kwamba walionana na daktari katikati.

Lakini tarehe pekee haitoshi. "Arudi kliniki baada ya wiki 2" inampa daktari wa kliniki mgonjwa bila swali. Daktari wa wodi aandike anataka kitu gani kiangaliwe, na kikiwa hivi ifanyweje. Mfano kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, mgonjwa aliyeongezewa spironolactone, dawa inayoweza kupandisha potasiamu kwenye damu: aonwe ndani ya siku 7 hadi 14, pima potasiamu na kreatinini, potasiamu ikizidi 5.5 punguza spironolactone nusu, ikizidi 6 isimamishe. Linganisha uzito na wa siku ya ruhusa. Uzito wa siku ya ruhusa ndio unaosahaulika hapo. Mgonjwa anaambiwa ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, apige simu ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, halafu hakuna aliyeandika alitoka na kilo ngapi.

Barua yenyewe ina viwango vyake. Joint Commission, shirika linaloidhinisha hospitali nyingi Marekani, linataka sababu ya kulazwa, matokeo muhimu, matibabu na upasuaji uliofanyika, hali ya mgonjwa akiondoka, maelekezo kwa mgonjwa na familia, na sahihi ya daktari. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa 2015, inataka barua imfikie daktari wa kawaida wa mgonjwa ndani ya saa 24. Hali halisi imekuwa mbali na hapo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuta mgonjwa akifika kliniki mara ya kwanza, muhtasari upo mezani kwa asilimia 12 hadi 34 tu ya ziara hizo.

Urefu nao ni tatizo. Mifumo ya kompyuta imerahisisha kunakili, na sasa barua za kurasa nane zenye kila kipimo cha sodiamu tangu siku ya kwanza zimezidi. Anayepokea anatafuta mistari mitano: utambuzi, kilichobadilika kwenye dawa, kinachosubiriwa, cha kufanya na lini, na nani wa kumpigia. Hiyo ikae juu. Mengine yafuate chini kwa atakayeyahitaji. Na kwa mgonjwa tete, barua isiende peke yake, daktari apige simu. Dakika tatu za kuzungumza na daktari mwenzako zinasema yale ambayo huwezi kuandika, kama kwamba mtoto wa mgonjwa na mkewe hawaelewani kuhusu nani anashika dawa.

Kupima kama ameelewa

RED inasisitiza mgonjwa aeleze kwa maneno yake, nayo iko sahihi. "Umeelewa?" jibu lake ni ndiyo kila mara, hasa mbele ya daktari. Uliza: "Ukifika nyumbani, utamweleza vipi anayekuhudumia jinsi ya kunywa dawa hii?" Akikosea, badili namna ya kueleza, kisha muulize tena. Kwa insulini, inhela au mfuko wa choo, asieleze tu, afanye mbele yako. Na mtu atakayehudumia nyumbani awepo. Kumfundisha mgonjwa mwenye kichwa kizito cha dawa za maumivu, saa moja kabla ya kuondoka, peke yake, ni kupoteza muda wa wote.

Ukurasa wa dalili za hatari ni mzuri kwa muundo, mradi daktari aujaze kwa ajili ya mgonjwa huyo. "Ukijisikia vibaya rudi" haisaidii. Mtu ametoka kulazwa, anajisikia vibaya tayari. Anahitaji dalili tatu au nne zenye kipimo, zilizogawanywa: hizi piga simu kesho asubuhi, hizi njoo sasa hivi. Aliyeshonwa tumbo: kidonda kuwa chekundu na kutoa maji, piga, homa ya 38 na zaidi, au kutapika hata maji, njoo. Na namba ya usiku iwe inayopokelewa usiku. Ijaribuni kabla ya kuichapa.

Vifaa vya nyumbani, oksijeni, kitanda, kiti cha magurudumu, RED inavimaliza kwa muuguzi, na ni sawa. Daktari abaki na tarehe mbili: mpira wa mkojo utolewe lini na nani, na nyuzi zitolewe lini (usoni siku 5 hivi, tumboni na miguuni siku 10 hadi 14). Bomba dogo lililowekwa kwenye njia ya mkojo kutoka figo halionekani kwa nje. Likisahauliwa miezi huota mawe, na kulitoa kunakuwa upasuaji mwingine.

Simu ya siku chache baadaye

Katika jaribio alipiga mfamasia, siku 2 hadi 4 baada ya ruhusa, na zaidi ya nusu ya waliopitiwa dawa zao kwa simu walikuwa na tatizo la kurekebishwa. Mfamasia au muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya vizuri. Siri iko kwenye swali. "Unaendeleaje?" inaleta "namshukuru Mungu". "Leta dawa zako zote mezani, nisomee lebo moja moja, uniambie jana ulikunywa ngapi" ndiyo inayotoa ukweli. Daktari anakosekana hapo pia. Mpigaji akikuta mgonjwa anameza dozi mara mbili, anahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuamua leo. Kila siku awepo daktari mmoja aliyetajwa kwa jina wa kupokea maswali hayo, la sivyo mpigaji atamwambia mgonjwa "nenda dharura", na mpango mzima umerudi ulikotoka.

Gharama ya muda, na kinachoweza kuachwa

Muuguzi wa ruhusa katika jaribio alitumia karibu saa moja na nusu kwa kila mgonjwa. Hiyo si kazi ya kumwongezea muuguzi mwenye wagonjwa 15. Inahitaji mtu wake, na inahitaji kuanza siku ya kwanza au ya pili ya kulazwa. Daktari ndiye anayeamua kama itawezekana. Akitamka "aende nyumbani" kwenye raundi ya saa 4 asubuhi bila mtu kujua, hakuna kijitabu kitakachokamilika kabla ya mchana. Tarehe inayotarajiwa ya ruhusa iandikwe kwenye faili mapema, pamoja na vigezo, ili hata timu ya wikiendi ijue. Kwa nimonia, mfano: joto lisizidi 37.8, mapigo yasizidi 100, pumzi zisizidi 24 kwa dakika, presha ya juu isipungue 90, oksijeni isipungue asilimia 90 bila mashine, anakula na akili imetulia.

Boston walitengeneza pia Louise, muuguzi wa katuni kwenye skrini anayempitisha mgonjwa ukurasa kwa ukurasa bila kuchoka. Ni ubunifu wa kuvutia, hasa kwa mgonjwa anayeona aibu kuuliza mara ya nne. Hospitali isiyo na fedha haipotezi kitu kikubwa ikimwacha. Hata programu maalumu ya kuchapa kijitabu si lazima, kwa kuwa jedwali la kawaida la kompyuta au karatasi iliyopigwa mistari kwa rula vinatosha.

Alama zetu: kijitabu cha mgonjwa 4.5 kwa 5, maelekezo ya muuguzi 4, maelekezo ya simu 4, sehemu ya daktari 2. Ipo, lakini imetawanyika ndani ya kazi za wengine, na hakuna ukurasa mmoja unaomwambia daktari "haya manne ni yako, na ruhusa haitoki kabla hujayafanya".

Wodi inayotaka kuanza bila kuajiri mtu isijaribu kwa wagonjwa wote. Ianze na wenye dawa tano na kuendelea, wanaotumia insulini, warfarin au dawa kali za maumivu, wenye moyo ulioshindwa, na waliolazwa ndani ya miezi sita iliyopita. Kwa hao, ongezeni karatasi moja mbele ya kijitabu, ijazwe na daktari kwa mkono wake: dawa zilizobadilishwa na sababu, vipimo vinavyosubiriwa na jina la msomaji, cha kuangalia kwenye marudio na hatua ya kuchukua, na namba ya simu ya timu. Muuguzi apewe ruhusa ya kukataa kumtoa mgonjwa kama karatasi hiyo iko tupu, na daktari mkuu wa idara awe ameikubali ruhusa hiyo kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza.